Kompyuta Zilizorudi Machi 2002: Uchambuzi wa Kosa la Tarehe katika Programu ya gpsd

Karibu saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 24 Oktoba 2021, kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta zilizokuwa zikipata saa yao kutoka kwenye setilaiti za GPS kupitia matoleo ya 3.20 hadi 3.22 ya programu ya gpsd zilikuwa katika hatari ya kuanza kuhesabu tarehe 10 Machi 2002. Saa, dakika na sekunde zingebaki sahihi, na hata siku ya juma ingebaki Jumapili. Kilichopotea ni miaka kumi na tisa na miezi saba na ushei. Siku tatu kabla, tarehe 21 Oktoba, wakala wa usalama wa mitandao wa serikali ya Marekani, CISA, ulikuwa umetoa tahadhari ukiwataka wasimamizi wa mifumo wahamie toleo la 3.23, lililokuwa limetolewa tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu ni nadra kupata kosa la tarehe ambalo kila kiungo cha mnyororo wake kiko wazi: gpsd ni programu huria, msimbo wake unasomwa na yeyote, na hesabu iliyozaa kosa inaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi.

Programu ya gpsd hufanya kazi chinichini, hasa kwenye mifumo ya Linux. Husoma kipokezi cha GPS kilichochomekwa kwenye kompyuta, hufasiri lugha ya kipokezi hicho, kwa kuwa kila mtengenezaji ana yake, kisha huzigawia programu nyingine taarifa kupitia mlango wa mtandao namba 2947. Watu wengi wakisikia GPS hufikiria ramani, lakini kwa wanaosimamia mitandao kazi kubwa ya kipokezi mara nyingi ni saa. Mahali ambapo intaneti haiaminiki au hairuhusiwi kabisa, kipokezi cha bei ndogo na gpsd huweza kuilisha programu ya kurekebisha saa, yaani chrony au ntpd, na kompyuta hiyo moja ikawa seva ya saa kwa mtandao mzima. Ndiyo maana hitilafu ya programu moja isiyojulikana sana iliweza kuzigusa kompyuta ambazo hazijawahi kuunganishwa na kipokezi chochote.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kujua jinsi GPS inavyohesabu tarehe. Setilaiti hazitangazi mwaka wala mwezi. Hutangaza namba ya wiki, ikihesabiwa kuanzia tarehe 6 Januari 1980, pamoja na sekunde zilizopita tangu wiki hiyo ianze. Katika ujumbe wa asili namba ya wiki imepewa biti kumi tu, yaani nafasi kumi za 0 au 1, na biti kumi haziwezi kubeba zaidi ya thamani 1024, kuanzia 0 hadi 1023. Hesabu ikifika mwisho hurudi sifuri. Ilirudi mwezi Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, na itarudi mwezi Novemba 2038. Wiki iliyoanza tarehe 24 Oktoba 2021 ilikuwa wiki ya 2181 tangu mwanzo, lakini setilaiti zilikuwa zikitangaza 133. Anayepokea 133 hana njia ya kujua, kwa namba hiyo peke yake, kama aongeze 2048 na kupata Oktoba 2021, au aongeze 1024 na kupata wiki ya 1157, ambayo ilianza tarehe 10 Machi 2002. Uamuzi huo hufanywa na programu, ama iliyo ndani ya kipokezi au iliyo kwenye kompyuta, na hufanywa kwa kukisia kutokana na ushahidi mwingine.

Ushahidi ambao gpsd iliutegemea ulikuwa sekunde za nyongeza. Saa ya GPS haisimami kuusubiri mzunguko wa dunia, ilhali saa sanifu ya dunia, UTC, imekuwa ikiongezewa sekunde moja kila dunia ilipochelewa vya kutosha. Kati ya mwaka 1980 na mwanzo wa 2017 ziliongezwa sekunde 18, sawa na wastani wa moja kila baada ya miaka miwili hivi, na setilaiti hutangaza idadi hiyo pamoja na namba ya wiki. Wazo la watengenezaji lilikuwa hili: ikiwa idadi ya sekunde za nyongeza bado haijafika 19, basi tarehe ya mbali sana mbele haiwezi kuwa ya kweli. Kwa hiyo toleo la 3.20 liliwekewa ukaguzi. Ukaguzi huo uliuliza kama sekunde za nyongeza ni pungufu ya 19 na kama wiki imezidi 2180. Masharti yote mawili yakitimia, programu ilihitimisha kwamba wiki iliyosomwa imekosewa, ikaipunguza kwa 1024.

Hapo makosa mawili yalikutana. La kwanza ni la hesabu. Maelezo yaliyoandikwa kando ya msimbo yalitaja dhana kwamba sekunde ya 19 ingekuwa imeongezwa kufikia tarehe 31 Desemba 2022, lakini siku hiyo iko katika wiki ya 2242. Wiki ya 2180 inaishia tarehe 23 Oktoba 2021. Mpaka uliwekwa mapema kwa zaidi ya mwaka mzima. La pili ni la dhana yenyewe. Dunia haikufuata wastani. Tangu sekunde iliyoongezwa mwisho wa mwaka 2016 hapajaongezwa nyingine, na matangazo yanayotolewa mara mbili kwa mwaka na taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa dunia yaliendelea kusema hivyohivyo. Hata mpaka ungewekwa mahali palipokusudiwa, ungekuja kuvukwa mwisho wa 2022 huku idadi ikiwa bado 18, na kompyuta zingerudi nyuma vilevile, zikatua mwaka 2003. Mimi naliona kosa la pili kuwa zito kuliko la kwanza. Hesabu ya wiki inaweza kukaguliwa na mwenzako kwa dakika chache. Ila kuutumia mzunguko wa dunia kama kalenda ni kujifunga kwa kitu ambacho hakuna anayeweza kukiamuru.

Ieleweke kwamba ukaguzi huo haukuwekwa kwa uzembe. Vipokezi vya zamani vinavyokosea wiki vipo vingi, na mwaka 2019 ulikuwa umetoka kuonyesha madhara yake. Watengenezaji walitaka kuwakinga watumiaji dhidi ya kipokezi kinachodai tarehe ya miaka ishirini ijayo. Lakini kinga hiyo ilikuwa na uwezo wa kubadilisha jibu badala ya kutoa onyo tu, na haikuwa na njia ya kujipima dhidi ya chanzo kingine, mathalani tarehe ambayo programu yenyewe ilitengenezwa. Programu iliyotolewa Desemba 2019 haiwezi kuwa inafanya kazi mwaka 2002; ulinganisho huo mmoja ungetosha kulikataa jibu lake.

Sasa tuje kwenye dalili, maana fundi anayeitwa alfajiri haoni mstari wa msimbo. Jambo la kwanza analolikuta ni kwamba malalamiko hayataji saa kabisa. Kivinjari kinasema cheti cha usalama cha tovuti bado hakijaanza kutumika. Watumiaji hawawezi kuingia kwenye mfumo unaotumia Kerberos, yaani utaratibu wa kuthibitisha utambulisho wa watumiaji kwenye mtandao, kwa kuwa utaratibu huo kwa kawaida hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika tano. Namba za siri za muda zinazotolewa na simu zinakataliwa moja baada ya nyingine. Kumbukumbu za mfumo zimekatika ghafla: ukitafuta matukio ya leo hupati kitu, na inaonekana kana kwamba kompyuta ilizimika usiku, kumbe imekuwa ikiandika mfululizo chini ya tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Jambo la pili linaloleta mkanganyiko ni kwamba si mashine zote huathirika, hata zikiwa na toleo lilelile. Sababu iko katika ulinzi wa programu zinazopokea saa. Kwa kawaida ntpd ikikuta pengo linalozidi sekunde 1000 hujizima badala ya kulifuata, isipokuwa iwe imewashwa kwa swichi ya -g, inayoiruhusu kulikubali pengo kubwa mara moja mwanzoni. Tena, njia ambayo ntpd hutumia kupokea saa kutoka gpsd ina kikomo chake, yaani pengo lisilozidi muda wa saa nne, ambacho msimamizi anaweza kukiondoa. Wenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi za kabla ya toleo la tano mara nyingi hukiondoa kwa sababu ya msingi: bodi hizo hazina saa yenye betri, hivyo zikiwashwa baada ya kukaa bila umeme huwa zimeachwa nyuma kwa siku au miezi, na ni lazima ziruhusiwe kuruka mbele. Kwa upande wa chrony, mpangilio unaotumika sana huruhusu saa kurukishwa katika vipimo vichache vya mwanzo tu baada ya programu kuwashwa. Matokeo yake ni kwamba mashine iliyokuwa ikifanya kazi mfululizo ingeweza kuuvuka usiku ule salama, kisha ikaangukia 2002 siku fundi alipoiwasha upya akidhani anatengeneza. Anayeanza uchunguzi kwa kuwasha upya kila kitu anaweza kulieneza tatizo kwa mikono yake.

Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza kabla ya kugusa saa yoyote ni kupima tofauti. Andika tarehe inayoonyeshwa na mashine, andika tarehe sahihi, kisha utoe. Kosa la saa huacha alama za vidole, na ukubwa wa tofauti mara nyingi humtaja mhusika. Tarehe ikiwa 1 Januari 1970, chanzo ni saa iliyoanza kutoka sifuri, aghalabu kwa sababu ya betri iliyokufa kwenye ubao mama au thamani ambayo haikujazwa. Ikiwa 6 Januari 1980, kipokezi cha GPS hakijapata setilaiti na kinatoa mwanzo wake wa hesabu. Pengo la saa tatu kamili katika ukanda wetu ni UTC iliyosomwa kama saa ya hapa, au kinyume chake. Pengo la sekunde 18 ni saa ya GPS iliyochukuliwa bila kuondolewa sekunde za nyongeza. Katika kisa hiki, kutoka 10 Machi 2002 hadi 24 Oktoba 2021 ni siku 7168, na 7168 ukigawanya kwa saba unapata 1024 bila baki. Anayeifahamu namba hiyo hahitaji kufungua kasha la kompyuta wala kununua betri. Anajua papo hapo kwamba anashughulika na hesabu ya wiki za GPS, na kinachobaki ni kujua nani katika mnyororo aliyekosea.

Kumtenga mhusika kunahitaji uangalifu, kwa maana washukiwa ni wawili: kipokezi na gpsd. Njia ambayo wengi huikimbilia ni kutumia gpspipe, programu ndogo inayokuja na gpsd, kwa swichi ya -r ili kuona sentensi ghafi za NMEA, yaani lugha ya maandishi inayotumiwa na vipokezi vingi, na njia hiyo inaweza kudanganya. Vipokezi vingi vya kisasa, vikiwemo vya kampuni ya u-blox, huzungumza na gpsd kwa lugha yao ya binari, na hapo sentensi za NMEA zinazoonekana kwenye gpspipe huwa zimeundwa na gpsd yenyewe baada ya kufanya hesabu yake. Zitaonyesha tarehe mbovu hata kama kipokezi hakina kosa. Kinachotakiwa ni kuisimamisha gpsd kabisa, pamoja na gpsd.socket, kwa kuwa kwenye mifumo inayotumia systemd, yaani msimamizi wa huduma za Linux, soketi hiyo huifufua programu mara tu mtu anapogusa mlango wake, kisha kuusoma mlango wa kipokezi moja kwa moja. Katika sentensi ya RMC, mojawapo ya sentensi za NMEA, tarehe huandikwa kwa tarakimu sita za siku, mwezi na mwaka. Kipokezi kizima siku ile kingesomeka 241021, wakati gpsd juu ya kipokezi hichohicho ingekuwa ikitoa mwaka 2002 katika taarifa zake. Tofauti hiyo ikionekana, kipokezi kinaachiwa huru. Kama kipokezi chenyewe nacho kinasema 100302, basi kosa liko kwenye programu ya ndani ya kipokezi, na kusasisha gpsd hakutasaidia.

Mahali palipokuwa na kipokezi kinachotoa mpigo wa kila sekunde, yaani PPS, kulikuwa na hali inayostahili kuelezwa. Mpigo ule uliendelea kuwa sahihi kwa kiwango cha sehemu za milioni za sekunde. Ila mpigo hauna tarehe. Husema tu kwamba sekunde mpya imeanza, na jina la sekunde hiyo lazima litoke kwingine. Hivyo takwimu za chrony zingeweza kuonyesha mkengeuko mdogo mno na uthabiti wa kuridhisha, huku mwaka ukiwa 2002. Msimamizi anayefuatilia ubora wa saa kwa grafu za mkengeuko peke yake asingeona chochote kilichobadilika.

Toleo nalo hukaguliwa kwa gpsd -V, lakini namba inayotokea haitoshi kutoa hukumu. Wanaofungasha programu kwa ajili ya mifumo kama Debian na Ubuntu hupenda kubaki na namba ya zamani na kupachika marekebisho ndani yake, kwa hiyo 3.20 au 3.22 kutoka kwenye hifadhi zao inaweza kuwa imeshatibiwa. Historia ya mabadiliko ya kifurushi ndiyo inayosema ukweli. Kinyume chake, vifaa maalumu vilivyofungwa na watengenezaji wake, ambamo gpsd imezikwa ndani na mtumiaji haioni, huweza kubaki na toleo bovu kwa miaka bila yeyote kujua kwamba wanaitumia.

Ukarabati una mtego wake. Mashine inayoamini kwamba ni 2002 inaweza kushindwa kupakua sasisho, maana huweza kuvikataa vyeti vya usalama vya hifadhi za programu kwa kuwa havijaanza kutumika. Kwa hiyo utaratibu unapaswa kuwa huu: simamisha gpsd na soketi yake, simamisha programu ya kurekebisha saa, weka tarehe sahihi kwa mkono, sakinisha toleo lililorekebishwa, kisha uzirejeshe huduma moja moja. Usisahau saa ya ubao mama. Kompyuta ya Linux ikiamini kwamba saa yake imerekebishwa ipasavyo, kiini cha mfumo huweza kuinakili tarehe hiyo kwenye saa yenye betri kila baada ya dakika 11 hivi, na kwa hiyo mwaka 2002 unakuwa umeshaandikwa kwenye maunzi. Usipoandika tarehe mpya huko kwa hwclock --systohc, mashine itakapozimwa na kuwashwa inaweza kuanza tena na tarehe ileile, na fundi akarudi kuilaumu gpsd ambayo sasa haina hatia. Kwa seva ya saa, kinga ya kudumu ni kuwa na vyanzo zaidi ya kimoja. Ukiwa na chanzo kimoja hujui kama kinasema kweli. Ukiwa na viwili vinavyopingana hujui umwamini nani. Kuanzia vitatu walio wengi wanaweza kumtenga mwongo, na vinne hukuacha salama hata kimoja kikikatika. Vyanzo hivyo lazima viwe tofauti kwelikweli, kwani vipokezi vitatu vinavyosomwa na gpsd moja ni shahidi mmoja aliyevaa kanzu tatu.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni data iliyoandikwa wakati saa ilipokuwa imepotea, na hapa ningependa kila msimamizi aende polepole. Kazi nyingi za kufuta kumbukumbu za zamani huendeshwa kwa kanuni kama vile kufuta kila kitu chenye umri wa zaidi ya siku 30. Wakati mashine iko 2002 kazi hizo hazifuti kitu, kwa kuwa kila kilichopo kinaonekana kimetoka siku za usoni. Hatari huja dakika saa inaporekebishwa: rekodi zote zilizoandikwa usiku ule zina tarehe ya Machi 2002, na kwa macho ya kazi ile zimekaa karibu miaka ishirini, kwa hiyo zinafutwa mara moja, na ushahidi wa kilichotokea unaondoka nazo. Kazi za kufuta na za kuzungusha kumbukumbu zisimamishwe kabla ya tarehe kurekebishwa, na nakala ichukuliwe kwanza.

Baada ya hapo rekodi zinaweza kurudishwa kwenye tarehe zao bila kukisia, kwa sababu kosa lilikuwa la kiasi kimoja kisichobadilika. Kila rekodi yenye tarehe ya mwaka 2002, kuanzia 10 Machi, katika mfumo ambao haukuwepo mwaka huo, huongezewa siku 7168. Mfumo ukiwa na data halisi ya mwaka 2002, kama ilivyo kwa rekodi za hali ya hewa au za vipimo vya muda mrefu, tarehe peke yake haitoshi kuzitenga, na itabidi kutumia namba ya mfululizo ambayo hifadhidata huipa kila rekodi inapoingia: rekodi ya 2002 iliyo na namba kubwa kuliko za asubuhi ya tarehe 23 Oktoba 2021 ni ya usiku ule. Marekebisho yafanywe katika safu mpya, tarehe ya awali ikiachwa ilivyo, ili mkaguzi atakayekuja baadaye aone kilichoandikwa na mashine na kilichosahihishwa na binadamu.